Kituo Kisicho na Kifo Ndicho Bora? Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii zimetoka kusini: Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Kilwa na Newala. Wengi wameuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: tutajuaje kama huduma tunayotoa, au tunayopewa, inamfaa mgonjwa? Tumezifupisha barua bila kuzigeuza maana.

Mwaka jana kituo chetu cha afya kilizalisha akina mama 240, hakufa hata mmoja. Kwenye kikao tukapongezwa kwamba tunaishinda hata hospitali ya rufaa, ambako vifo havikosi. Sifa tumezipokea, lakini mimi ninayekesha leba naijua hali yetu. Ulinganisho huo ni wa haki? — Muuguzi mkunga, Tandahimba

Si wa haki, dada, na shaka yako ina msingi.

Tuanze na ukubwa wa namba. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ukichukua kiwango hicho na kukitumia kwa vizazi 240, unapata robo ya kifo kwa mwaka, yaani kifo kimoja katika miaka minne. Kwa hiyo kituo kinachofanya kazi vizuri na kile kinachobahatisha vinaweza vyote kufunga mwaka bila kifo. Watakwimu wana kanuni ya haraka kwa hali kama yenu: ukihesabu watu ukakuta tukio halijatokea hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya watu uliowahesabu. Gawanya 3 kwa 240, utapata 0.0125. Maana yake hata kama hatari halisi kituoni kwenu ingekuwa vifo 1,250 kwa 100,000, mara kumi na mbili ya kiwango cha taifa, bado ingewezekana mkapata mwaka wenye sifuri. Sifuri hiyo haiwahukumu, lakini pia haiwapi cheti.

Halafu wagonjwa wenyewe si walewale. Mama anayeanza degedege au kuvuja damu hapo kwenu anapigiwa simu ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, namba 115, anapakiwa kwenye gari na kwenda rufaa. Akifia kule, kifo kinaandikwa kwenye rejista ya kule. Hospitali inayopokea walio taabani kutoka wilaya nzima lazima ionekane mbaya ukiilinganisha na kituo kinachobaki na waliojifungua salama.

Dawa yake ni kufuata rufaa zenu hadi mwisho. Chukueni daftari moja la kaunta, mpige mistari: tarehe, sababu ya rufaa, saa uamuzi ulipofanyika, saa gari lilipoondoka, saa mgonjwa alipopokelewa, hali ya mama na ya mtoto baada ya saa 24 na baada ya siku 7. Simu mbili kwa kila mgonjwa zinatosha. Matokeo hayo myaongeze kwenye hesabu yenu. Pengo kati ya saa ya uamuzi na saa ya gari kuondoka ndilo litakalowaonyesha mengi, na mara nyingi sehemu kubwa ya muda huo huliwa na kutafuta saini, kutafuta ndugu wa kusindikiza na kuandika barua upya.

Zaidi ya hapo, hesabuni yanayotokea mara nyingi badala ya yale adimu. Kipimo tunachokipenda kuliko vyote kwa kituo cha ukubwa wenu ni hiki: kati ya watoto ambao mapigo ya moyo yalisikika mama alipopokelewa, wangapi walizaliwa wafu? Mtoto aliyefika leba akiwa hai na akatoka mfu, ngozi bado haijachubuka, amepotea mikononi mwa watoa huduma, na kila mtoto wa namna hiyo anastahili kikao chake. Ili kipimo hicho kifanye kazi, mapigo yaandikwe kwa namba wakati wa mapokezi. Alama ya vema haitoshi.

Patografu zetu, zile chati za kufuatilia uchungu wa mama, zimejazwa kwa asilimia mia moja. Timu ya usimamizi ikaja, ikaziangalia dakika kumi, ikasema hazifai. Kosa liko wapi? — Muuguzi kiongozi wa leba, Masasi

Huenda zilijazwa baada ya mtoto kuzaliwa, na hilo linaonekana kwa jicho lililozoea.

Kabla ya kuzisoma, hakikisheni mnachukua mafaili bila upendeleo. Tuseme rejista ya MTUHA namba 12, yaani ya wanaojifungua, ina vizazi 186 katika robo ya mwaka na mnataka mafaili 30. Gawanyeni 186 kwa 30, mnapata 6 na kidogo. Andikeni vikaratasi vya namba 1 hadi 6, mtu achote kimoja. Akichota 4, anzeni na mama wa 4, kisha wa 10, wa 16, mkienda hivyo hadi mtimize 30. Faili lisipopatikana, liandikwe kuwa halikupatikana na lihesabiwe kama limeshindwa. Msichukue la jirani yake kufidia. Hapa ndipo kaguzi nyingi zinapoharibika, kwa sababu faili linalopotea mara nyingi ni la yule yule aliyepata matatizo: lilikwenda naye rufaa, lilipelekwa ofisini kwa maswali, au limefichwa.

Sasa someni. Katika uchungu uliokwishachanganya, mapigo ya mtoto na mikazo ya uzazi hupimwa kila nusu saa, na njia ya uzazi na shinikizo la damu kila saa nne. Mama aliyekaa leba saa 6 tangu patografu ianze anatarajiwa kuwa na vipimo 12 hivi vya mapigo ya mtoto. Mkikuta 7, andikeni 7 kwa 12. Hilo ni la ukamilifu tu.

La ukweli lina dalili zake. Wino ni uleule na mwandiko ni uleule toka juu hadi chini, ilhali zamu ilibadilika katikati. Mapigo ni 140, 140, 140, 140. Shinikizo ni 120/80 kwa kila mama wa wodi. Mstari wa kufunguka kwa njia umelala juu ya mstari wa tahadhari, ule wa sentimita moja kwa saa, kama uliopigwa kwa rula. Kuna na dalili ya tarakimu ambayo wengi hawaijui: mtu akisikiliza dakika nzima, namba zake zitaishia na tarakimu zote, 137, 142, 129. Aliyesikiliza sekunde 15 akazidisha kwa 4 atapata tu zinazogawanyika kwa 4: 132, 136, 140, 144. Aliyebuni hupenda sifuri. Andikeni tarakimu ya mwisho ya vipimo mia vya mapigo kwenye karatasi moja na picha itajitokeza yenyewe. Mapigo yasikilizwe dakika nzima, mara tu mkazo unapoachia, maana mtoto aliyechoka hujulikana hapo.

Kisha swali lenyewe: patografu ilimsaidia nani? Toeni pembeni zile ambazo mstari ulivuka tahadhari, au mapigo yalishuka chini ya 110 au kupita 160. Katika hizo, ngapi zina maandishi ya hatua iliyochukuliwa na saa yake? Patografu 30 zilizojaa, 6 zenye hatari, hatua 1 tu. Taarifa ya namna hiyo inasema zaidi kuliko asilimia mia.

Tahadhari moja: mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaanza kuhesabu uchungu uliochanganya kuanzia sentimita 5, na hauna tena ule mstari wa sentimita moja kwa saa. Kama kituo kimehama katikati ya mwaka, msichanganye fomu za zamani na mpya kwenye hesabu moja.

Na kabla ya kumwita mtu mzembe, tazameni chumba. Je, kuna saa ya ukutani inayofanya kazi? Fomu ziko kwenye ubao kando ya kitanda au zimelazwa ofisini? Fomu ikikaa ofisini itajazwa ofisini. Nakala iliyotolewa nakala mara kumi, hadi visanduku vimefutika, nayo itajazwa kwa kukisia. Haya ni marekebisho ya wiki moja, na bei yake haizidi saa ya ukutani, betri na mbao chache za kubania karatasi.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Nachingwea. Nazunguka nyumba kwa nyumba nikiwaelimisha wajawazito. Jirani yangu msomi ananiambia utafiti ulifanyika hukuhuku kwetu ukagundua kazi kama yangu haiokoi watoto. Kweli?

Jirani yako amesoma nusu ya ukurasa.

Utafiti anaousema ni INSIST, ulioongozwa na Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake katika wilaya sita za Lindi na Mtwara. Kata 132 ziligawanywa kwa kura. Katika nusu yake, watu wa kujitolea kutoka vijijini walifundishwa kumtembelea mama mara tatu wakati wa ujauzito na mara mbili siku za mwanzo baada ya kujifungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto wengi zaidi walianza kunyonya ndani ya saa ya kwanza kwenye kata zenye matembezi. Vifo vya watoto wa chini ya siku 28 havikutofautiana.

Mbona hivyo? Sehemu kubwa ya watoto wachanga wanaokufa, hufa siku ya kwanza na siku chache zinazofuata, kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, kwa kuzaliwa njiti, na kwa maambukizi. Ushauri wa nyumbani unamfikisha mama kituoni, haumpulizii mtoto hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Kazi hiyo ni ya aliyepo leba. Utafiti ule haukusema mhudumu wa jamii hana kazi. Ulionyesha kwamba akiachwa peke yake, kituo kikabaki kilivyo, mabadiliko ya tabia hayafiki hadi kwenye uhai.

Linganisha na mahali pengine. Jijini Dar es Salaam na Lusaka ulifanyika utafiti wa REMSTART kwa watu karibu 2,000 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya VVU huku kinga ikiwa imeshuka sana. Nusu walipata huduma ya kliniki ya kawaida. Nusu ya pili waliongezewa mambo mawili: kipimo cha fangasi wa uti wa mgongo, na mtu wa jamii aliyewatembelea nyumbani kila wiki kwa mwezi wa kwanza, akiwapelekea dawa na kuwafuatilia. Vifo vya mwaka mzima vilipungua kwa asilimia 28. Matembezi na kipimo vilikwenda pamoja, hivyo mhudumu hawezi kudai sifa yote. Lakini angalia alichofanya: alibeba dawa, alijua dalili za kurudisha mtu kliniki, na nyuma yake palikuwa na kliniki iliyompokea.

Kwa hiyo panga matembezi yako pale yanapouma. Baada ya kujifungua, usisubiri arobaini. Mama aliyejifungulia nyumbani mfikie ndani ya saa 24. Aliyerudi kutoka kituoni mtembelee siku ya 2 au 3, halafu kati ya siku ya 7 na ya 14. Mfunue mtoto umwone mwili mzima. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia; zikifika 60, hesabu tena, na zikiwa bado 60 au zaidi mpeleke kituoni. Mpeleke pia asiponyonya vizuri, akipata degedege, kifua kikibonyea ndani sana anapovuta hewa, akilegea bila kujitikisa mwenyewe, joto likifika 37.5 au kushuka chini ya 35.5, au viganja na nyayo vikiwa njano. Manjano ya aina yoyote siku ya kwanza ni ya kituoni.

Njiti usimfunike blanketi tu. Mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa 2021, ulichukua watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 na kuwaanzishia huduma hiyo ya kifuani, iitwayo kangaruu, mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri watulie. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikwishaonekana. Watoto hao walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni si kangaruu. Mama akichoka, bibi au baba achukue zamu.

Leba yetu ina wakunga wanne kwa vizazi kama 600 kwa mwaka. Tukiomba nyongeza tunaambiwa “wanne wanatosha, vizazi si vingi”. Kuna njia ya kuhesabu isiyo ya kubishana? — Afisa muuguzi, Ruangwa

Ipo. Shirika la Afya Duniani lina njia iitwayo WISN, na unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu.

Anza na muda alionao mtumishi mmoja. Wiki 52 mara siku 5 ni siku 260. Toa likizo 28, toa sikukuu zinazoangukia siku za kazi, tuseme 14, toa ugonjwa na semina, tuseme 8. Zinabaki 210. Mara saa 8, ni saa 1,680 kwa mwaka.

Sasa kazi. Kubalianeni wenyewe, kwa saa ya mkononi na si kwa hisia, mama mmoja anachukua muda gani wa mkunga tangu anapolazwa hadi saa mbili baada ya kujifungua. Tuseme saa 6. Vizazi 600 vinakula saa 3,600. Gawanya kwa 1,680: watumishi 2.14. Ongeza shughuli zisizo za mama mmoja mmoja, kama kukabidhiana zamu, kuchemsha vifaa, rejista na ripoti za mwezi. Zikila asilimia 20 ya muda, unazidisha kwa 1.25. Unafika 2.68, yaani watatu.

Hapo ndipo mkubwa anaposema wanne wanatosha, na kwa hesabu hiyo yuko sahihi. Ila leba haifungwi saa tisa na nusu alasiri. Mwaka una saa 8,760. Ili awepo mkunga mmoja tu kila saa, usiku na mchana, Pasaka na Idi, unahitaji 8,760 gawanya kwa 1,680, yaani watumishi 5.2. Mko wanne, mna saa 6,720. Pungufu ni saa 2,040, sawa na zamu 255 kwa mwaka ambazo ama mtu anaunganisha zamu, ama muuguzi wa wodi nyingine anachungulia. Na kizazi chenye matatizo kinataka watu wawili, wa mama na wa mtoto: hapo ni 10.4.

Nendeni kikaoni na namba hizo mbili, ya kazi na ya uwepo, mkizitenganisha. Nyingi ya hoja hizi hufa kwa sababu zimechanganywa. Ambatanisheni na orodha ya zamu ya miezi mitatu ikionyesha usiku uliokuwa na mtu mmoja.

Mtaulizwa ushahidi kwamba idadi ya wauguzi inagusa uhai. Unaojulikana sana ulichapishwa mwaka 2014, wa hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya na wagonjwa zaidi ya 420,000 wa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi uliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30. Msiichukue hiyo 7 mkaibandika Ruangwa. Kule muuguzi mwenye wagonjwa 8 ndiye aliyehesabiwa kuzidiwa, na utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hauthibitishi moja kwa moja kwamba moja limesababisha lingine. Orodha yenu ya zamu, ikiwekwa kando ya matatizo yaliyotokea usiku na mchana, itawasaidia kuliko takwimu za Ulaya.

Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa uzazi na daktari msaidizi, siyo daktari kamili. Walitokea salama yeye na mtoto, lakini ndugu wananilaumu kwamba nilihatarisha maisha yake. — Liwale

Hukukosea. Madaktari wasaidizi wamefanya upasuaji huu Tanzania kwa miongo mingi, na kwa muda mrefu ndio walioubeba katika hospitali za wilaya. Utafiti wa Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha operesheni kubwa za uzazi zilizofanywa na wao na zile za madaktari: matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kinachompa mama hatari zaidi ni kuchelewa, dawa ya usingizi kutolewa na asiyefunzwa, na kukosa damu ya kuongezewa. Ndugu wakiuliza tena, waulize gari lingechukua saa ngapi hadi Lindi, na barabara ikiwa ya masika.

Hapa Kilwa akina mama huja na kanga zao za kujifungulia. Damu tunaikadiria kwa macho, na tumeshakosea vibaya. Mifuko yenye vipimo hatuna. Tufanyeje? — Mkunga, zahanati

Pimeni kanga. Mzani wa watoto au wa jikoni unafaa. Pimeni kanga kavu mama anapofika, mwandike kwenye faili, tuseme gramu 240. Mtoto akishatoka, ondoeni kitambaa cha kwanza, maana kimebeba maji ya chupa, mtandike hiyo kanga iliyopimwa. Ikifika gramu 610, toeni 240: zimebaki 370, na gramu moja mnaweza kuihesabu kama mililita moja ya damu. Kosa la kawaida ni kusahau pamba na mabonge yaliyotupwa kwenye beseni, yapimwe pia.

Dalili mbaya zikiwepo, msisubiri mililita 500. Katika utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa 2023, tiba ilianza damu ilipofika mililita 500, au 300 ikiambatana na dalili mbaya: mapigo ya mama kupanda, shinikizo kushuka, damu kutiririka bila kukatika, mfuko wa uzazi kuwa laini. Waliotumia mfuko wa vipimo walitambua asilimia 93 ya waliovuja. Waliokadiria kwa macho, 51. Na tiba ilitolewa yote kwa mkupuo, kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, kukagua michaniko, na kuita msaada au kurufaa. Haikuwa kujaribu kimoja, kusubiri, ndipo kujaribu kingine. Kuvuja kukubwa, upasuaji wa kuzuia damu au kifo, kwa pamoja, vilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Traneksamiki ni gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Baada ya hapo msiitoe, faida imekwisha. Na kwa joto la pwani angalieni oksitosini: inataka nyuzi 2 hadi 8. Vichupa vinavyoachwa kwenye trei ya leba tangu asubuhi vinapoteza nguvu bila kubadilika rangi, nanyi mtadhani mama “haitikii dawa”. Toeni vya zamu moja tu, viwe kwenye kisanduku chenye vibarafu vilivyofungwa kitambaa, visigusane na barafu yenyewe.

Shikamooni. Wamekuja watafiti kijijini kwetu, Newala, wanataka damu ya mjukuu wangu wa miaka 6. Mwenyekiti amekubali kwa niaba yetu. Mimi kusoma sijui. Nikikataa, tutanyimwa dawa zahanati? — Bibi

Marahaba, bibi, na asante kwa kuuliza kabla ya kuweka dole gumba.

Mwenyekiti anaruhusu watafiti kuingia kijijini. Mjukuu wako haruhusiwi na mwenyekiti, anaruhusiwa na mzazi au mlezi wake wa halali. Kama mama au baba yake yupo, hata akiwa shamba la korosho, ndiye wa kuulizwa kwanza. Kukataa hakukuondolei haki yoyote zahanati, na hata ukishakubali unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Akikutisha mtu kwa dawa, hiyo ni kinyume cha maadili ya utafiti.

Kwa kuwa husomi, fomu ya ridhaa isomwe yote kwa sauti, kwa lugha unayoielewa, kikiwemo Kimakonde, mbele ya shahidi uliyemchagua wewe na asiye mtu wao. Kijana wa shule wa jirani anafaa ikiwa ametimiza miaka 18. Wewe unaweka dole gumba, shahidi anasaini, na nakala moja inabaki kwako nyumbani. Wakisema nakala italetwa baadaye, ridhaa nayo itolewe baadaye.

Waulize damu kiasi gani na mara ngapi. Mililita 5 ni kama kijiko kimoja cha chai. Itapimwa nini, na je, itahifadhiwa au kusafirishwa nje ya nchi? Mtoto akiumwa kutokana na utafiti nani atagharamia? Majibu mtapewa lini? Fedha wanayotoa iwe ya nauli na muda wako. Ikizidi sana hadi ikakufanya ushindwe kukataa, hapo kuna kasoro. Mtoto mwenyewe naye aelezwe kwa maneno yake, na akilia akivuta mkono, waache.

Mwambie anayekusomea atafute kwenye fomu jina la kamati iliyoidhinisha na namba ya kibali. Utafiti wa afya wa aina hii unatakiwa uwe na kibali cha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na fomu iwe na simu ya kamati, mbali na simu ya mtafiti. Kama haipo, mpelekee fomu mganga mfawidhi wa zahanati aulize kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na watafiti wasubiri.